Kiatu cha Ukutani

Asubuhi ya siku ya tano, kile kiatu hakikuwapo ukutani.

Gundi alisimama nje ya bweni la mahujaji, mswaki mdomoni, akakitafuta kwa macho. Viatu vingine vyote vilikuwa palepale vilipokuwa jana, vimepangwa juu ya ukuta mfupi wa mawe, vya ngozi na vya turubai, vimekunjamana kwa jua na mvua za miaka. Kilichokosekana ni kimoja tu, na hicho ndicho alichokuwa amekishona yeye jana jioni. Ukuta mzima ulikuwa umelowa umande isipokuwa pale kilipokaa. Pale palikuwa na alama kavu ya soli.

"Mwizi gani huyu wa kuiba kiatu kimoja cha mguu wa kushoto?" akajisemea, akacheka, akatema povu la dawa ya meno. Kicheko hakikufika mbali.

Sasa, kabla hatujasonga, mjue huyu Gundi ni nani, maana yote yaliyofuata yalitokana na kazi yake. Alikuwa fundi viatu. Jina la Gundi alipewa na wateja kwa sababu mbili: vidole vyake havikosi gundi, na ukimsalimia asubuhi, hadi mchana bado amekuganda na hadithi zake. Rafiki yake, ambaye wakati huo alikuwa ndani anafunga malengelenge kwa plasta, aliitwa Breki. Yeye alikuwa dereva wa lori, na mwoga ajabu. Akiona kuku mita mia mbili mbele, mguu uko kwenye breki. Watu walimcheka, lakini kwa miaka ishirini na mbili hakupata kugonga hata paka. Wawili hawa walikulia nyumba zinazotazamana, wakachapwa na mwalimu mmoja kwa kosa moja, na kila mmoja alisimama kwenye harusi ya mwenzake. Ukimtafuta mmoja, muulize wa pili.

Breki alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa domo lake. Mtoto huyo aliongea tangu anapofungua macho hadi usingizi unapomnyang'anya maneno katikati. Lakini miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe. Alikuwa akikaa. Akikaa mlangoni, akikaa kwenye ngazi za nyumba, akikaa kibandani kwa Gundi akimpasulia kichwa kwa maswali huku fundi akigonga soli. Mwaka ule wakapatikana madaktari waliokubali kumpasua. Wakampasua, wakaifunga miguu yote miwili plasta, wakasema, "Sisi tumefanya yetu. Tungoje wiki sita."

Ndipo Breki akaweka nadhiri. Kabla plasta haijatolewa atatembea njia yote ya mahujaji, siku tisa, mpaka ule Mlango wa jiwe ambao watu huugusa kwa mikono miwili na kuomba. Atakwenda kwa miguu yake, hatua kwa hatua, bila kupanda hata baiskeli.

"Lakini twende wote, ndugu yangu," alimwambia Gundi. "Najijua. Nitaona nyoka nigeuke. Nikigeuka, nishike shati."

"Nitakushika," Gundi akasema. "Na Chiriku akisimama, viatu vyake vya kwanza nitamshonea mimi. Akivalishwa vya dukani, nitakukana."

Basi siku ya nne jioni walifika bweni lile lenye ukuta wa viatu. Breki alianguka kitandani kama gunia. Gundi akatoka nje kupunga upepo, akaviona. Mara moja akagundua kuwa kila soli imechanwa, tena haikuchakaa yenyewe. Imekatwa kwa kisu, chaa, kutoka upande hadi upande, chini ya unyayo. Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Fundi akiona kilichochanika huuliza sindano iko wapi.

Na kimoja kilikuwa kiatu hasa. Ni buti la ngozi, la kushoto, limeshonwa kwa mkono na fundi wa zamani aliyeijua kazi yake mpaka akapitiliza. Gundi alikishika kama unavyoshika mtoto wa mwenzako. "Mwendawazimu gani amekuchana wewe?" akakiuliza. Akatoa sindano yake ndefu na kidonge cha uzi wa marehemu baba yake. Uzi huo ulikuwa wa kitani, mzee aliusokota na kuupaka nta kwa mkono wake, na kilichobaki kilitosha kujaa kiganja. Gundi hakuutoa ovyo. Aliutoa kwa kiatu anachokiheshimu tu.

Alishona mishono arobaini na miwili. Baba yake alimfundisha kuhesabu. Alipoingiza mkono ndani kukaza mshono wa mwisho, akakuta joto, lile joto la kiatu kilichovuliwa sasa hivi. Jua lilikuwa limeshazama zamani. Akasema moyoni, ngozi nzuri hutunza joto. Akakirudisha ukutani, akaenda kulala ameridhika na nafsi yake.

Asubuhi kikawa hakipo.

Hakumwambia Breki. Angemwambia nini, na mwenyewe hakujua la kusema? Wakafunga mizigo yao, wakaingia njiani. Kulikuwa na ukungu mzito siku hiyo, ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako, na njia ilipita katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Walitembea kama saa moja hivi, Gundi akisimulia habari ya mteja aliyeleta viatu vya mke asiye wake, na Breki akicheka kwa adabu. Kisha Breki akaacha kucheka.

"Kuna mtu nyuma," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni hujaji mwenzetu."

"Mbona anatembea vile?"

Gundi akasikiliza. Kilikuja kishindo kimoja cha kisigino, kisha kitu kinachokokotwa kwenye changarawe. Ta. Buruuu. Ta. Buruuu. Hakikuwa na haraka.

Wakasogea pembeni ya njia. "Pita, mwenzetu!" Breki akaita. "Sisi wazee, tunakwenda pole!"

Mlio ukakoma. Hawakusikia jibu, wala pumzi, wala mtu kukohoa. Ukungu ukaja na harufu ya ngozi mbichi, ngozi iliyolowa maji ikasahauliwa kwenye ndoo. Gundi aliijua harufu hiyo tangu utotoni na hakuwahi kuiogopa mpaka siku ile.

Walipoanza kutembea, mlio nao ukaanza.

Saa nne ukungu ulipoinuka, nyuma yao hapakuwa na mtu, ila palikuwa na matope. Gundi akamwambia Breki atangulie, yeye anakojoa. Akarudi hatua kumi, akainama. Kulikuwa na nyayo zake na nyayo za Breki, na katikati yake nyayo za mguu mmoja, wa kushoto. Penye mguu wa kulia palikuwa na mfereji tu, kama wa jembe. Na kila unyayo wa kushoto ulikuwa na mstari uliopita katikati kutoka upande hadi upande, wenye vidutu vidogo vilivyopangana sawasawa. Hakuhitaji kuvihesabu. Mtu haachi kuujua mwandiko wake mwenyewe.

"Umekuta nini?" Breki akauliza alipomfikia.

"Si kitu. Mbuzi," Gundi akasema, na hiyo ikawa mara yake ya kwanza kumdanganya rafiki yake tangu wakiwa darasa la pili.

Siku ya sita jua lilikuwa kali na njia ilipanda. Mlio sasa haukuwa nyuma. Ulikuwa pembeni, upande wa Breki, ukipanda nao mlima, ukipumzika nao, na wakikaa kivulini kunywa maji majani ya upande ule yalilala chini kama yamekaliwa. Breki alishika chupa kwa mikono miwili na meno yakagonga kwenye mdomo wa chupa.

Jioni, kwenye bweni la sita, kijana wa mapokezi aliwapa mablanketi matatu.

"Tuko wawili," Gundi akamwambia.

"Na mwenzenu?"

"Mwenzetu yupi?"

Kijana akanyoosha kidole mlangoni bila hata kuinua macho kwenye daftari lake. "Yule aliyekaa ngazini. Nimemwambia aingie, ananiambia amekaa sana, hataki kukaa tena. Nikasema basi simama. Mahujaji wengine mna maneno."

Ngazini hapakuwa na mtu. Viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa mstari mlangoni kama ilivyo desturi ya mabweni yale, na kati ya viatu vya Gundi na vya Breki palikuwa na nafasi ya kiatu kimoja, imeachwa.

Chumbani Breki alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi. "Gundi, niambie kweli. Unajua hiki ni kitu gani?"

Hapo ndipo pa kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini Breki akaongeza, akinong'ona, "Maana kikiwa kibaya, mimi narudi. Walahi narudi kesho asubuhi. Na nikirudi, mwanangu hasimami. Kwa hiyo usiniambie. Niambie ni upepo."

"Ni upepo," Gundi akasema.

Nani angesema vingine? Labda wewe.

Siku ya saba Gundi aliamka akakuta kitanda cha Breki kitupu. Alimkuta nje, amesimama katikati ya njia, begi mgongoni, uso ameuelekeza mbele. Mtu ambaye kila asubuhi alihitaji kusukumwa leo alikuwa tayari kabla ya chai.

"Umeamka mapema," Gundi akasema. Kisha akatazama chini, kwa mazoea ya kazi. Mguu wa kulia ulikuwa na raba ya Breki, ile ile yenye kamba za kijani. Mguu wa kushoto ulikuwa na buti la ngozi.

"Breki. Kiatu chako kiko wapi?"

"Hiki hapa."

"Hicho si chako."

"Ni changu," Breki akasema kwa upole. "Kimeshonwa vizuri." Akaanza kutembea.

Alitembea akiuburuta mguu wa kulia na kuulalia wa kushoto, hasa upande wa nje wa kisigino. Gundi alimfuata mbio, na kadiri walivyokwenda ndivyo alivyozidi kuona kwamba aliye mbele yake si yule aliyekula naye ugali wa utoto, kwa sababu mbwa mkubwa wa shamba aliporuka ua na kuwajia akibweka, Breki, ambaye angepanda mti kwa mbwa wa ukubwa wa kiatu, hakupunguza hata hatua, na mbwa yule akasimama, akanusa hewa, akajikojolea na kurudi kwa tumbo. Na walipofika kwenye ukingo wa bonde Breki akapita pale ambapo ardhi imebaki upana wa kiganja, mawe yakidondoka chini ya buti na sauti yake ya kuanguka isisikike. Na Gundi akamwita kwa jina la utani, akamwita kwa jina alilopewa na mama yake, akamtaja Chiriku, akamtaja mkewe, naye hakugeuka, hakunywa maji, hakuketi, ta, buruuu, ta, buruuu, hadi jua likapita utosini na midomo yake ikapasuka ikatoka damu na hakuifuta.

Alasiri wakafika njia panda. Kushoto ndiko kwenye Mlango, na bweni la saba lilikuwa hapohapo kwenye kona. Kulia palikwenda nyika tupu. Breki akashika kulia.

Ndipo Gundi akakumbuka aliyoambiwa. Akaruka, akamshika shati.

"Niache," Breki akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, kama ya mtu asiyekunywa maji mwaka mzima. "Niache, fundi. Nimekaa sana."

"Saidieni!" Gundi akapiga kelele. "Jamani, saidieni!"

Mlango wa bweni ukafunguka, akatoka mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni na mwiko mkononi. Mahujaji walimwita Mama Funguo. Nyuma yake walitoka wanaume wawili waliokuwa wakinywa supu. Mama Funguo hakumtazama Breki usoni. Alitazama miguu.

"Lile buti," akasema. "Nani amelishona?"

"Mimi, mama."

"Wewe ni punguani au umezaliwa hivyo?"

"Mimi ni fundi viatu."

"Ndiyo hayohayo. Mkamateni, mwingizeni ndani."

Wanaume watatu hawakutosha. Ilibidi waongezeke wawili kutoka jikoni, ndipo wakamkalisha Breki kwenye kiti, na hata alipokaa miguu yake iliendelea kutembea sakafuni, kushoto ikigonga, kulia ikiburura. Chumba kikajaa harufu ya ngozi mbichi. Mama Funguo akamvuta Gundi pembeni, akasema naye harakaharaka, chini kwa chini.

"Njia hii ina majini, na majini haya hayana miguu. Yanatembelea ya watu. Likimpata mtu linamtembeza mpaka anakufa amesimama. Tukilitoa, tunakichana kiatu lilichokivaa na kukiweka ukutani, nalo linakaa humo, maana kiatu kilichochanika hakitembei. Lile lilikaa miaka thelathini na moja. Mimi mwenyewe nililichana. Umenielewa ulichokifanya?"

"Nimeelewa, mama." Alikuwa analia na hakuona haya.

"Ulichokishona wewe hakifumuliwi na mwingine. Utafumua kikiwa mguuni, mshono kwa mshono, mpaka wa mwisho. Ukiruka mmoja, limebaki. Na likisema usisikilize."

Gundi akapiga magoti sakafuni, akaukumbatia ule mguu kwapani kama anavyoshikwa punda anayepigiliwa chuma kwatoni, akatoa kisu chake cha ngozi. Mshono wa kwanza ukakatika. Breki akapiga ukelele, na huo ulikuwa wa Breki mwenyewe, sauti yake halisi.

"Ndugu yangu! Unanikata! Gundi, unanikata nyama!"

Mkono ukasita.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe!" Mama Funguo akafoka. "Fumua!"

Akafumua. Kumi. Kumi na tano. Kila uzi uliokatika ulitoka umelowa, na ulikuwa wa moto. Alipofika ishirini ukelele ukaisha, ikaja ile sauti kavu, karibu kabisa na sikio lake, ingawa kichwa cha Breki kilikuwa juu na mbali.

"Fundi. Una mkono mzuri. Wote walinichana, wewe peke yako ulinihurumia. Nimekaa sana, fundi. Wewe unamjua anayekaa. Unaye mmoja kule nyumbani, anakaa mlangoni. Niache nitembee, nimfundishe na yeye."

Gundi akaendelea kuhesabu kwa sauti, kama mtoto anayepita makaburini, thelathini na tatu, thelathini na nne, jasho likimchoma macho, arobaini, arobaini na moja. Wa mwisho ulikuwa ule alioukaza kwa kuingiza mkono ndani. Akauingiza tena. Ndani ya buti, kando ya mguu wa Breki, palikuwa na mguu mwingine.

Akakata.

Soli ikafunguka kama mdomo. Pumzi ikatoka humo, ndefu, ikazunguka chumba, na Breki akaanguka kifuani kwake akisema, "Maji. Nipeni maji. Tumefika wapi?"

Mama Funguo alilichukua buti kwa koleo. "Kilichochanwa kikashonwa hakichaniki tena," akasema. "Hili tunachoma. Na uzi wote, na sindano. Jini limeonja uzi wako, fundi. Umelishona nao, sasa uzi ndiyo njia yake. Usibaki hata wa kushonea kifungo."

Moto ukawashwa uani. Gundi akatupa sindano. Akatupa vile vipande arobaini na viwili. Mkono ukaenda mfukoni, ukakishika kidonge cha uzi. Vidole vyake vikazigusa nta na alama za vidole vya baba yake, ambazo bado zilikuwamo humo, zimeganda. Huu uliobaki haukugusa buti, akajiambia. Uko mbali nalo kabisa.

"Umemaliza?" Mama Funguo akamuuliza.

"Nimemaliza, mama."

Mama Funguo alimtazama kitambo. Alikuwa amechoka, na supu ilikuwa inaungua. Akageuka akaenda zake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Ubaya ni kwamba guu lenyewe si lazima liwe lake.

Siku mbili baadaye waliufikia Mlango. Breki, akichechemea kwa malengelenge yake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, aliuegemea kwa mikono miwili akalia kama mtoto, na Gundi alilia nyuma yake. Nadhiri ilikuwa imetimia. Gundi alipomsimulia yote, Breki akasema, "Ungeniambia siku ile ya matope, ningerudi. Basi ahsante kwa mbuzi." Wakacheka mpaka walinzi wa pale wakawakemea.

Plasta ikatolewa. Daktari akasema miguu imeunga vizuri, sasa ni mazoezi, kwanza kwa fremu ya kushikilia, miezi mitatu au minne. Usiku ule Gundi hakulala kwa furaha. Alikata ngozi laini ya kahawia, akachagua soli nyembamba, akaketi kibandani alfajiri kutimiza ahadi. Ulipofika wakati wa kushona, akafungua droo, akautoa uzi wa baba. Kwa mtoto yule, uzi gani mwingine? Ulitosha barabara, haukubaki hata wa kushonea kifungo.

Wiki mbili baada ya hapo, saa nane mchana, alikuwa anapaka gundi soli ya mteja aliposikia mlio ukija kutoka upande wa barabara.

Ta. Buruuu. Ta. Buruuu.

Brashi ikamdondoka.

"Fundi! Tazama! Toka nje utazame!" Ilikuwa sauti ya Breki, imejaa machozi na vicheko. "Hakutaka hata fremu! Siku ileile tuliyomvisha viatu vyako, akasimama! Daktari anasema hajapata kuona!"

Chiriku alikuwa anatembea. Alikuja mbele ya wazazi wake, gauni la njano, mikono imening'inia, uso umeelekea mbele. Mama yake alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Shemeji, mikono yako ibarikiwe," akasema. "Hataki kuvivua. Analala navyo. Na anavyopenda kutembea! Juzi tumemkuta kwenye barabara kuu, peke yake, anakwenda tu. Ila amekuwa mkimya, huyu. Wiki hizi mbili hata haulizi maswali."

"Miguu imechukua zamu ya mdomo," Breki akasema, akacheka.

Gundi hakucheka. Alikuwa anatazama kisigino cha kushoto. Kiatu kilikuwa na wiki mbili, na upande wa nje ulikuwa umeliwa kama cha mtu aliyetembea miaka.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema, akimwonyesha kile kibao alichokalia siku zote. "Nikutazame viatu."

Chiriku hakukaa.

Basi Gundi akapiga magoti mavumbini. Kisu cha ngozi kilikuwa mkononi, amekificha ndani ya kiganja. Mishono ilikuwa pale, midogo, sawasawa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akaweka makali ya kisu kwenye mshono wa kwanza.

Mtoto akainama, akamshika sikio kwa vidole vidogo, kama anayetaka kumpa siri. Pumzi yake ilinuka ngozi mbichi.

"Fundi," akanong'ona, kwa ile sauti kavu. "Una mkono mzuri. Ukinikalisha mimi, na yeye atakaa."

Gundi akainua macho. Breki alikuwa amemkumbatia mkewe, wote wawili wanacheka, machozi yanawatiririka, wanaitazama miguu ya mtoto wao imesimama juu ya ardhi.

"Vipi, ndugu yangu?" Breki akauliza. "Vinambana?"

Kisu kikarudi mfukoni polepole.

"Hapana," Gundi akasema. "Vimemkaa vizuri."

Na Chiriku akageuka, akaanza kutembea kurudi barabarani, na baba yake nyuma yake akipiga makofi kila hatua.